Eneo la wazi la mtaa wenu: jinsi ya kufanya kazi na halmashauri mpaka liwe la wote kweli

Kiwanja chetu tulikipoteza tukiwa tumeshakisafisha. Lilikuwa dampo, tukatoa taka Jumamosi tano mfululizo, tukapanda miti, vijana wakaweka magoli, kina mama wakaanza kukaa pale jioni na watoto. Miezi minane baadae likaja lori la mawe na mtu ana karatasi mkononi. Sisi hatukuwa na karatasi hata moja, mwenyekiti aliyeturuhusu alituruhusu kwa mdomo na muda wake ulikuwa umeisha, mtendaji alikuwa kahamishwa. Tulihangaika muda mrefu sana na mwisho tukarudishiwa kipande tu. Kwahiyo haya ninayoandika hapa ndo mambo ambayo ningependa mtu angetuambia siku ile tunanunua makoleo.

Naongelea mijini Tanzania bara, kwenye mfumo wa mtaa, kata na halmashauri. Ukiwa kijijini ardhi inasimamiwa na kijiji chenyewe chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na mkutano mkuu wa kijiji una nguvu zaidi, na Zanzibar kuna shehia na mabaraza yao, kwahiyo chukua linalokufaa.

Kwanza jua eneo ni la nani

Hapa wengi wanaruka na ndo panaumiza. Sehemu kuwa tupu miaka 20 na watoto wanacheza haimaanishi kwamba kwenye mchoro wa mipango miji wa halmashauri imeandikwa eneo la wazi. Inaweza kuwa kiwanja cha mtu ambaye hajajenga, yuko mkoani huko au marehemu ameacha warithi. Inaweza kuwa eneo la shule. Inaweza kuwa hifadhi ya barabara, na hapo mwenye kauli ni TARURA kwa barabara za mitaani (wapo tangu 2017) au TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, sio manispaa. Kama ni chini ya zile nyaya kubwa za umeme ni njia ya TANESCO na hutaruhusiwa kupanda mti mrefu wala kujenga chochote. Kando ya mto au ufukweni kuna ile sheria ya mita 60 kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, pale huwezi kuweka shughuli ya kudumu, ila nyasi na miti ya kushika udongo unaweza kuomba kibali. Na kuna viwanja vya mpira ambavyo watu wanadhani ni vya serikali kumbe ni mali ya chama, kama Kirumba pale Mwanza au Sokoine Mbeya ni vya CCM, na vidogo vya namna hiyo vipo mitaani pia, kwahiyo uliza.

Sasa unajuaje. Anza kwa Mtendaji wa Mtaa, muulize kwa heshima anachokijua na nani alikuwepo kabla yake. Waulize wazee waliohamia mapema. Alafu chukua namba ya kiwanja na kitalu ya jirani anayepakana na eneo, ipo kwenye hati yake au kwenye bili ya kodi ya pango la ardhi, ukienda ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba hiyo wanaweza kukuonesha mchoro wa mipango miji wa sehemu hiyo yote na utaona hapo katikati pameandikwa nini. Bila namba utazungushwa, sio kwa ubaya, ni kwamba hawajui waanzie faili gani. Omba kwa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa Mtanzania haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na inatakiwa ujibiwe ndani ya siku 30, itaje hiyo sheria kwenye barua kwa upole.

Kama mtaa wenu haujapimwa, ambayo ndo hali ya mitaa mingi sana Dar na Mwanza, mchoro unaweza usiwepo kabisa. Usikate tamaa, ila kaa macho siku zoezi la urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, likifika kwenu. Kwenye urasimishaji ndo mchoro wa kwanza unachorwa, na kwa sababu kila mtu anataka kiwanja chake kiwe kikubwa, eneo la wazi na njia ndo vinavyobanwa. Kikundi chenu kihudhurie kila kikao, muombe kuona rasimu ya mchoro kabla haijaenda kuidhinishwa, na mhakikishe pale mahali pamewekwa rangi yake na jina lake. Ukikosa nafasi hiyo kurekebisha baadae ni kazi kubwa mno.

Pima, hesabu, piga picha

Chukua wiki mbili. Tembea mzunguko wa eneo na simu, weka alama za kona, chora hata kwa mkono. Dar kulikuwa na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wakachora mitaa yao, mifereji na sehemu zinazofurika, na ramani ile iko bure kwenye OpenStreetMap, ramani ya wote ya mtandaoni, mpaka leo, kwahiyo fungua uone mtaa wenu una nini kabla hujaanza upya.

Alafu hesabu watu. Saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, saa mbili usiku. Nani yuko pale na anafanya nini. Hii inakaa kama kazi ya kitoto lakini siku unakaa mbele ya afisa mipango miji ukamwambia "Jumanne saa kumi na moja tulihesabu watoto 63 na hakuna sehemu nyingine ya kuchezea ndani ya kata" anakusikiliza tofauti na ukisema tu wananchi wanahitaji. Andika mnachokiona wenyewe, msiongeze hata mmoja.

Na katika kuhesabu huko utagundua eneo lina wenyewe wengi. Mama lishe wawili wa pembeni, bodaboda wana kijiwe, wazee wa bao, mafundi wanaanika mbao, vijana wanaolala pale mchana. Ongea nao wote kabla ya kikao chochote. Kikundi kikianza kwa kufukuza watu hao ndo watakaokuwa wa kwanza kupeleka malalamiko, na kwa haki kabisa. Mama lishe yupo pale kuanzia alfajiri, hakuna mlinzi bora kuliko yeye, mpangieni sehemu yake kwenye mchoro wenu toka mwanzo. Waulizeni na wasichana kivyao, peke yao bila kaka zao, kwanini hawaji. Kwetu walisema taa na choo. Hakuna mwanaume kwenye kamati alikuwa ameandika choo.

Kikundi kiwe na katiba na kisajiliwe

Muone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, atakupa utaratibu wa usajili wa vikundi wa halmashauri yenu. Kwa kawaida wanataka katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama na sahihi zao, na barua ya utambulisho ya mtaa. Katiba iwe fupi, iseme uongozi unabadilika lini, nani anasaini pesa (wawe watatu, wawili wasaini), na kwamba kikundi hakina chama cha siasa. Hilo la mwisho liandikwe kweli na mliishi. Msivae tisheti za mgombea siku ya usafi hata kama amewapa koleo 50, maana miaka mitano ikipita akija mwingine mnaonekana watu wa yule.

Msichanganye pia na mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ile 4 kwa 4 kwa 2. Ile ni mikopo ya biashara inarudishwa. Kukopa ili kutengeneza eneo la umma ni kujitafutia deni ambalo bustani haiwezi kulipa.

Mkutano mkuu wa mtaa, hapa ndo moyo wa jambo lote

Nitakaa hapa kidogo. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa, wa sasa walichaguliwa Novemba 27, 2024. Mtendaji ameajiriwa na anaweza kuhamishwa kesho. Diwani naye anapita. Kitu ambacho hakihami ni muhtasari wa mkutano mkuu uliosainiwa na kugongwa muhuri. Ruhusa ya mdomo inaondoka na aliyeitoa.

Kwahiyo andikeni barua kwa mwenyekiti kupitia mtendaji kuomba agenda ya eneo iwekwe kwenye mkutano mkuu. Isiwe kwenye mengineyo, maana mengineyo watu wameshaanza kuondoka. Agenda yenyewe. Kabla ya siku hiyo nendeni kwa wajumbe wa serikali ya mtaa mmoja mmoja nyumbani, wajue mnaomba nini, mtu akishtukizwa mbele za watu anapinga hata kitu anachokipenda. Leteni mchoro mkubwa kwenye karatasi ya manila muubandike ukutani, watu wasogee wauguse kwa kidole, waseme hapa nyumbani kwangu, hapa panafurika. Kuna mama kwetu alituonesha kwamba pale tulipotaka kuweka mabenchi ndo njia ya maji ya masika, na alikuwa sahihi.

Azimio liandikwe kwa maneno yanayoshika. Sio "wananchi wamekubali". Liwe hivi:

"Mkutano mkuu wa mtaa umeazimia kwamba eneo lililopo kati ya (taja mipaka yote minne) litumike kama eneo la wazi la mapumziko na michezo kwa wakazi wote, kikundi cha (jina) kisimamie usafi na utunzaji kwa niaba ya mtaa, hakuna mtu atakayejenga wala kukodisha sehemu yoyote, na ofisi ya mtaa iwasilishe azimio hili kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata."

Kile kipande cha "kwa niaba ya mtaa" kinawalinda nyinyi na wengine pia. Kinaonesha eneo sio lenu. Ukiona ndani ya kikundi mtu anaanza kusema kiwanja chetu kwa maana ya sisi kumi na mbili, mkanye mapema, huko ndo ugomvi unaanzia.

Mahudhurio yasainiwe mkutano ukiwa unaendelea, sio baadae. Siku mbili baada ya mkutano nenda kasaidie kuandika muhtasari safi kama mtendaji amezidiwa, hawa watendaji wana kazi nyingi na mara nyingi kompyuta hawana. Usainiwe, ugongwe muhuri, toa fotokopi tano na upige picha kila ukurasa uweke kwenye simu za watu watatu tofauti.

Kata

Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Azimio lenu likifika hapo likapita linakuwa la kata. Muoneni diwani kabla, mpelekeni eneo akalione kwa macho, saa kumi na moja jioni watoto wakiwepo. Hakuna maelezo yanayoshinda hilo. Madiwani wa viti maalum pia ni wajumbe wa baraza na mara nyingi hakuna anayewafata, wafateni, kwetu mmoja wao ndo alitusaidia zaidi ya wote kwenye hoja ya choo.

Halmashauri: nani anafanya nini na barua inaandikwaje

Barua zote ziende kwa Mkurugenzi, sio kwa afisa unayemfahamu. Juu kulia anwani ya kikundi na tarehe, kushoto Mkurugenzi, chini yake KUPITIA Mtendaji wa Kata, KUPITIA Mtendaji wa Mtaa, kila mmoja anasaini na kugonga muhuri kwa maoni yake. Alafu YAH: na jambo lenyewe mstari mmoja. Barua isizidi ukurasa mmoja na nusu, viambatisho ni muhtasari wa mtaa, wa kata, mchoro, picha na usajili. Omba kitu kimoja kinachojibika. "Tunaomba uthibitisho wa maandishi wa matumizi ya eneo hili kwenye mchoro wa mipango miji na ruhusa ya kulitunza" kinajibika. "Tunaomba sapoti" haijibiki.

Peleka nakala mbili masjala, moja wabaki nayo na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila huo muhuri hata wakisema mtandao unasumbua. Uliza barua imeingizwa kwenye faili namba ngapi, iandike. Baada ya wiki mbili rudi na hiyo namba, uliza ipo meza ya nani. Usigombe. Yule dada wa masjala ndo anajua barua ziko wapi, msalimie kwa jina lake.

Wa kuwajua ndani: mipango miji na ardhi kwa mchoro na mipaka, mazingira na usafi kwa taka na miti, mhandisi kwa mifereji na taa, maendeleo ya jamii kwa kikundi chenyewe. Baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na vikao vyake viko wazi kwa wananchi kusikiliza. Nenda ukakae nyuma hata mara moja tu, utaelewa hoja inavyopita kwenye kamati kwanza kabla ya kufika baraza, kwahiyo siku ya baraza unakuwa umeshachelewa kuongea.

Suala la pesa linategemea tarehe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mapendekezo ya mitaa na kata yanakusanywa mwishoni mwa mwaka wa kalenda na mabaraza yanapitisha mwanzoni mwa mwaka wa kalenda unaofuata, Aprili bajeti tayari iko Dodoma bungeni. Kwahiyo ombi la taa na choo lifike kata Oktoba au Novemba. Ukipeleka Mei utaambiwa bajeti imepita na ni kweli imepita. Kuna pia Mfuko wa Jimbo, upo kwa sheria ya 2009, unasaidia miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe na mbunge ndo mwenyekiti wa kamati yake. Mkienda na mchango wenu tayari, mchanga, mawe, nguvu kazi, mnasikilizwa haraka.

Makubaliano yaandikwe, yale madogo madogo

Wakikubali, msishangilie bado. Kaeni muandike karatasi moja nani anafanya nini. Taka mnazokusanya nani anazibeba na siku gani, maana rundo la taka likikaa wiki tatu kando ya barabara linarudi kuwa dampo. Bili ya maji analipa nani. Taa ikiungua. Mtu akiomba kufunga turubai la harusi au msiba au mkutano wa injili au kampeni, anaomba kwa nani, analipa au halipi, na akilipa risiti inatoka wapi. Kwa hili la mwisho mimi msimamo wangu ni kwamba kikundi kisishike pesa ya ukodishaji bila halmashauri kukubali kwa maandishi, kwa sababu siku mtu akisema mnakula pesa za eneo la umma hamna cha kumuonesha. Msiba usilipishwe kabisa.

Kazi yenyewe

Anzeni na Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Usafi wa kitaifa ulishika kasi Desemba 9, 2015, siku ya uhuru ilipofanywa ya usafi, na mpaka sasa Jumamosi hiyo ofisi za mtaa na kata zinatakiwa zitoke, kwahiyo mtendaji atakuwepo na gari la taka ni rahisi kulipata. Uji na chai viwepo, tena mapema.

Mfereji kabla ya mti, na mti kabla ya benchi. Maji yakijua pa kupita vingine vyote vinakaa. Miti pandeni masika yanapoanza, Machi kwa Dar na ukanda wa pwani, mwarobaini unavumilia sana na mkungu unatoa kivuli kipana mapema. Kila mti upewe familia moja ya kuumwagilia kiangazi cha kwanza, jina liandikwe kwenye daftari, na uzungushiwe fito, maana mbuzi hana taarifa za mkutano mkuu. Pandeni michache mtakayoiweza. Miti kumi iliyo hai inaonekana, mia iliyokauka inawavunja watu moyo kwa miaka.

Kibao kiwekwe mapema. Kiandikwe ni eneo la wazi la mtaa fulani, kumbukumbu namba ya barua ya halmashauri, na hairuhusiwi kujenga. Hiyo namba ya barua ndo inayofanya mtu mwenye lori afikirie mara mbili.

Siku ukikuta tofali zimemwagwa

Usibomoe. Najua hasira inavyokuwa, mimi nimeisikia mwilini, lakini ukivunja ukuta wa mtu wewe ndo unalala polisi na yeye anabaki na eneo. Piga picha zenye tarehe, pande zote, na gari kama lipo. Siku hiyohiyo andika taarifa kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa Mtendaji wa Kata, Diwani na Mkurugenzi, zote zigongwe muhuri. Waombe mipango miji waje kukagua na kutoa zuio la ujenzi. Muombeni huyo mtu kwa utulivu awaoneshe karatasi yake, wakati mwingine naye ametapeliwa, ameuziwa na mtu asiye na haki, na akijua mapema anaweza kusimama mwenyewe.

Ukiona tangazo la kubadili matumizi ya ardhi limebandikwa pale au limetoka gazetini, hilo ni la haraka zaidi, peleka pingamizi la maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo lenyewe. Kimya kinahesabika kama hamna neno. Ikishindikana huko kote kuna ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na mahakama ni ya mwisho, ila kumbuka kuishtaki serikali au halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, kwahiyo tafuta wakili au msaidizi wa kisheria mapema, toka Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hawa wasaidizi wanatambulika rasmi na ukiuliza ofisi ya maendeleo ya jamii watakuelekeza waliopo karibu.

Faili letu sasa hivi liko nyumba tatu. Lina muhtasari wa mtaa, wa kata, barua ya Mkurugenzi, mchoro, makubaliano, picha za kila mwezi na daftari la miti. Katibu mpya akichaguliwa analipokea mbele ya watu na anasaini kwamba amelipokea, ukurasa kwa ukurasa, na mwenyekiti mpya wa mtaa anapelekewa nakala yake wiki ile ile anayoapishwa.